"Brekidauni ipo kaka": bima tatu nilizobeba Dar mpaka Zambia na pikipiki, na nyota nilizozipa

Wakala wa bima aliniambia hivi, "brekidauni ipo kaka, ukikwama popote unapiga namba wanakuja." Kumbe mimi na yeye tulikuwa tunaongelea vitu viwili tofauti na hamna aliyejua. Mimi nilikuwa nawaza ile huduma ambayo ndugu zetu walioko Ulaya wanayo, unalipia kwa mwaka, pikipiki ikizima ugenini kuna mtu anakuja kuibeba, wewe unatafutiwa pa kulala, na ikishindikana kabisa wanairudisha mpaka kwenu. Yeye alikuwa anawaza brekidauni, lile gari la kuvutia magari, lenye ndoano nyuma na taa ya njano juu. Na kweli lipo, hakunidanganya. Nililiona kwa macho yangu Tunduma, mpakani upande wetu, ila hapo mimi nilishalala siku mbili Mpika kule Zambia na hela imeshatoka mfukoni.

Sasa naandika hii kwasababu kila ikikaribia mwezi wa sita naona watu wanapanga safari, huyu anataka Livingstone akaone maporomoko, yule anataka kuzunguka Ziwa Nyasa upande wa Malawi, na kila mtu anauliza bima gani nzuri. Nilibeba tatu, zote nimezitumia au nimejaribu kuzitumia, na nitasema kila moja ilifanya nini pikipiki ilipozima. Majina ya makampuni siyataji, sitafuti kesi na mtu, na pia nahisi ungeenda kwa mwingine ungekuta karatasi ni ileile imebadilishwa nembo tu.

Kwanza nieleze ilivyokuwa. Tulikuwa watatu, pikipiki yangu ni ya Kijapani ya cc 650, ya mwaka 2009, imetembea sana lakini naitunza. Siku ya kwanza Dar mpaka Iringa, pale Mikumi mbugani unatembea 50 kwa saa kama mtu anaenda kuchumbia, siku ya pili Iringa mpaka Tunduma, asubuhi yake tukavuka mpaka kuingia Nakonde, upande wa Zambia. Kule kila kitu kikawa sawa, Isoka tumepita, Chinsali tumekula, barabara iko wazi unaenda tu. Kama kilomita arobaini kabla ya Mpika nikaona taa ya mbele inafifia, kimita changu cha volti kinachokaaga 14 kinasoma 12 na nukta, mara 11 na nukta, nikajua hapa chaji hairudi kwenye betri. Nikazima taa, nikachomoa chaja ya simu, nikawa naomba Mungu. Ikafika 10 na kitu, injini ikakohoa mara mbili, kimya. Kulia pori, kushoto pori, na saa kumi jioni.

Rektifaya ilikuwa imekufa. Kwa wasioijua, ni kale kadude ka alumini chenye mapezi kanakopokea umeme kutoka kwenye koili za injini na kuugeuza uwe wa kuchaji betri, kenyewe kakifa pikipiki inaishi kwa betri peke yake mpaka iishe. Ni kitu kidogo kinaingia mfukoni. Lakini ukiwa huna ni sawa na kukosa injini nzima.

Na hapa nifungue mabano makubwa kwasababu ndo penye ukweli wa safari za Afrika. Ningekuwa na Boxer ningetengeneza palepale Mpika ndani ya saa moja. Boxer na TVS zina spea kila kijiwe kutoka Kariakoo mpaka huko, fundi anaijua akiwa amefumba macho, hiyo ndo bima bora ya kukwama kuliko zote zilizowahi kuuzwa na hailipiwi hata senti. Ila pikipiki kubwa rektifaya yake ni ya fezi tatu, waya tatu za njano zinatoka kwenye koili, za bodaboda nyingi sio hivo, huwezi kuazima. Fundi wa Mpika, kijana mzuri kabisa, aliiangalia akanyanyua mikono. Cheni hivohivo, tairi hivohivo. Ukinunua pikipiki kubwa unanunua na uhitaji wa kubebwa, na wakati wa kununua hakuna anayekwambia.

Haya turudi kwenye bima.

Ya kwanza, bima kubwa ya Tanzania yenye kipengele cha "msaada wa barabarani". Niliongeza hela kidogo juu ya bima ya kawaida nikapewa na stika. Nikapiga namba yao nikiwa palepale porini. Ilikuwa inaanza na 0800. Namba za 0800 ni za bure ukiwa ndani ya nchi, ukiwa nje hazishiki kabisa, na mimi nilikuwa nimenunua laini ya Airtel ya Zambia pale Nakonde, napiga naambiwa namba haipo. Nikatafuta kwenye karatasi namba ya kawaida, ipo kwa maandishi madogo ukurasa wa mwisho, nikapiga na alama ya jumlisha na 255, inaita haipokelewi. Mpaka nimekumbuka kwamba Zambia wako nyuma saa moja. Mimi nilikuwa naangalia saa ya simu ambayo imeshajibadilisha yenyewe, naona ni kumi na dakika kumi jioni, kumbe Dar ni kumi na moja na dakika kumi, ofisi wamefunga saa kumi na moja. Huduma ya kukwama barabarani yenye saa za kazi! Sijui ni nani alikaa akaona magari yanaharibika mchana tu.

Kesho yake asubuhi nikampata dada mmoja mpole sana. Akaniuliza uko wapi, nikamwambia Mpika. Akauliza Mpika ni mkoa gani. Nikamwambia ni Zambia. Akanyamaza kidogo halafu akasema "kaka huduma yetu ni Tanzania Bara tu." Nikasoma tena karatasi, kweli imeandikwa, ila imeandikwa kinyumenyume, haisemi "nje ya nchi hatufiki", inasema huduma itatolewa "ndani ya eneo la bima", halafu eneo la bima linaelezwa ukurasa mwingine kabisa. Nilisaini bila kusoma, hilo kosa ni langu.

Ya pili ni yelo kadi, Kadi ya Njano ya COMESA, ule umoja wa soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Hii lazima niitetee maana watu wanaitukana bure. Unaipata kwa kampuni yako ya bima, inabandikwa juu ya bima yako ya kawaida, na imekuwepo tangu 1987. Sisi Tanzania tulishatoka COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango wa kadi tumebaki, ndo maana unaenda nayo Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia, Malawi, Zimbabwe bila kununua bima mpya kila mpaka. Kazi yake ni moja, ukimgonga mtu au ukaharibu mali ya mtu kule, inalipa kwa viwango vya sheria ya nchi uliyopo, na ina kipengele cha matibabu ya dereva na abiria. Basi. Pikipiki yako ikizima haihusiki, ikiibiwa haihusiki, ukiigonga kwenye mti haihusiki. Nimekutana na jamaa wawili waliodhani yelo kadi ndo brekidauni ya kimataifa, sijui hii imani ilianzia wapi. Askari wa Zambia aliyenisimamisha Isoka aliiangalia, akasema safari njema, akaniachia. Kwa kazi yake naipa nyota nne. Ya tano nimeibana kwasababu wakala aliniandikia namba ya chesisi vibaya, tarakimu mbili zimebadilishana, na sikuona mpaka kijana wa forodha Nakonde aliponionyesha. Kagueni namba ya chesisi jamani, mkiwa mbele ya wakala hapohapo, kadi kwa kadi. (Ukivuka kwenda Botswana, Namibia au Afrika Kusini yelo kadi haina kazi, kule fidia ya watu wanaoumia imekatwa kwenye bei ya mafuta, ukijaza tenki umeshachangia.)

Ya tatu ni bima ya safari niliyonunua mtandaoni kwa dola, ya kampuni ya nje. Hii inamhusu mtu, chombo hakimo. Unavunjika mguu, unapelekwa hospitali, ikibidi unarushwa kwa ndege. Nilishukuru sikuihitaji, maana niliporudi nyumbani nikakaa kuisoma kwa utulivu nikakuta kipengele kinasema pikipiki mwisho cc 125, zaidi ya hapo uongeze malipo maalumu. Yaani ningeanguka kule na cc 650 yangu wangeniambia pole. Na hiki kipengele sio cha hao tu, bima nyingi za safari zinacho, na nyingine zinasema leseni yako iwe ya daraja la chombo unachoendesha. Wengi wetu tunaendesha machuma makubwa na leseni yenye B na D tu, daraja A tunasema tutaenda kuongeza. Wenye bima wanalijua hilo, ndo kitu cha kwanza wanachokuomba ukidai. Nyota mbili, moja kwasababu bei ilikuwa nafuu, nyingine kwasababu namba yao ya simu ilipokelewa saa tisa usiku nilipoijaribu, ingawa aliyepokea alisema pikipiki sio kazi yao.

Kwa wale wanaouliza kuhusu Flying Doctors wa AMREF, hao wanajulikana, wapo tangu 1957, wanarukia uwanja wa ndege wa Wilson pale Nairobi, na uanachama wao unauzwa kwa watu wa kawaida pia, sio watalii tu. Ila wanabeba binadamu, na kila aina ya uanachama ina orodha yake ya nchi, kwahiyo kabla ya kulipa uliza nchi yako ya mwisho ya safari imo au haimo.

Sasa hapa ndo nataka mnielewe vizuri. Nilivyokuwa Mpika shida yangu haikuwa kutengenezewa. Fundi yupo, akili anayo, kifaa ndo hakuna. Shida ilikuwa kubebwa. Na haikuwa kubebwa tu kwa ajili ya uvivu, ni kwasababu ya karatasi. Ukiingia Zambia na chombo cha Tanzania, forodha wanakupa kibali cha muda, kina jina lako, namba ya chombo, namba ya chesisi, na siku zako. Kile chombo kimeingia bila kulipiwa ushuru kwa ahadi kwamba kitatoka. Ukikiacha Mpika kwa fundi ukapanda basi ukarudi Dar kutafuta rektifaya, halafu ukachelewa, siku zikaisha, wewe machoni mwa forodha ni mtu aliyeingiza pikipiki kinyemela. Faini, au ushuru wenyewe, au chombo kinakamatwa. Ulaya bima za pikipiki zinazoeleweka zina kipengele cha kurudisha chombo nyumbani, na ndo kipengele ambacho huku kwetu sijakiona kwenye karatasi hata moja niliyosoma. Kwahiyo ukiambiwa "tutakutengenezea" cheka kidogo. Uliza nani ataibeba, na ataishusha wapi.

Binamu yangu yuko Munich, anaendesha pikipiki kila wikiendi ya kiangazi mpaka Austria na Italia huko milimani. Nilipompigia nikiwa Mpika akacheka sana halafu akanieleza ya kwake. Yuko ADAC, kile chama kikubwa cha wenye magari cha Ujerumani, ambacho nilikuwa sijui kilianzishwa 1903 na waendesha pikipiki, jina la mwanzo lilikuwa chama cha waendesha pikipiki kabisa, hilo la sasa likaja 1911. Ana uanachama wa ngazi ya pili, ule unaofika Ulaya nzima, na ndani yake kuna kurudishiwa chombo kisipotengenezeka huko kilipo. Ila hata yeye akanipa kisa kinachofanana na changu. Alizimikiwa Ufaransa kwenye ile barabara kuu ya kulipia, akapigia chama chake, wakamwambia hatuwezi kuja hapo, barabara zile za Ufaransa zina wavutaji wao walioidhinishwa tu, unatumia simu ya dharura ya rangi ya machungwa iliyoko pembeni au 112, namba ya dharura ya Ulaya, wanakuja wao, bei imepangwa na serikali, unalipa, unachukua risiti, halafu ukishatolewa nje ya ile barabara ndo chama chako kinaendelea na wewe na hela ya mwanzo unadai. Ningekuwa mimi ningebishana na simu mpaka betri iishe. Kwahiyo hata kwenye huduma nzuri kuna pahala unalipa kwanza, jambo la muhimu ni kuwa na akiba ya hela taslimu na risiti.

Hela taslimu basi. Nilikaa Mpika siku mbili, wenzangu niliwaambia waende tu, wasipoteze likizo yao, wakaenda kuona maji yakidondoka na kunitumia video, asanteni sana. Nikafikiria TAZARA, maana reli inapita hapohapo Mpika na karakana yao kubwa iko pale, lakini siku ya treni ilikuwa bado. Nikafikiria kukodi pikapu, jamaa akanitajia bei ya kunitoa Mpika mpaka Nakonde, ni kilomita mia tatu na sabini na kitu, ilikuwa sawa na kodi ya nyumba yangu ya miezi miwili. Mwisho nikaenda kusimama kwenye kituo cha mafuta wanapopumzika madereva wa malori ya Dar. Pale unasikia Kiswahili tu, "oya tupia maji hapo", nikajisikia niko Ubungo.

Malori yenye shaba hayawezi kukusaidia, msisumbue wale madereva, mzigo una lakiri na hawaruhusiwi kuongeza kitu. Unatafuta semi inayorudi tupu. Nikampata mzee mmoja, semi yake flati iko tupu, nikamwamkia shikamoo mzee, marahaba kijana, nikamweleza. Akaenda kuiangalia pikipiki, akaizunguka, akaniuliza "hii inakula mafuta kiasi gani?" nikamwambia. Akasema "na umeinunua kwa akili zako?" Utingo wake akacheka mpaka akakaa chini. Tukakubaliana kwacha 1,200, na chakula cha njiani juu yangu. Kupandisha tulikuwa watu sita na ubao mmoja. Hatukuwa na mikanda ya kufungia mzigo, tulifunga kwa kamba ya katani na mpira wa tairi la ndani, na nikalala nayo palepale nyuma usiku mzima naishika usukani, baridi ya mwezi wa sita ile barabara sio ya kitoto.

Kingine nilichojifunza usiku ule, pikipiki haiwezi kuvuka mpaka ikiwa juu ya lori lililoandikwa tupu. Mzee alilijua hilo kabla yangu. Akanishusha Nakonde kilomita moja kabla ya mpaka, tukaagana, na mimi nikaanza kusukuma kilo mia mbili kupitia kwenye foleni ya malori. Vijana wawili wakanisaidia kwa elfu tano ya kwetu. Siku hizi kituo ni cha pamoja, ukitoka Zambia unamalizia kila kitu upande wa Tunduma, afisa akalinganisha namba ya chesisi na kile kibali, akagonga mhuri, akaniuliza mbona unasukuma, nikamwambia nafanya mazoezi.

Sasa niko Tanzania Bara! Eneo la bima! Nikapiga ile 0800, ikashika mara ya kwanza. Nikapewa namba ya kesi, nikaambiwa gari liko Mbeya litafika ndani ya saa tatu. Mbeya mpaka Tunduma ni kama kilomita mia moja na kitu. Lilifika kesho yake saa nne asubuhi. Na lilikuwa ndo lile, brekidauni, la ndoano. Dereva akashuka, akaiangalia pikipiki, akaangalia ndoano yake, akaniangalia mimi. Akauliza "sasa hii nainyanyua wapi?" Nikamwambia mimi ndo nakuuliza wewe. Akataka kuninginiza tairi la mbele halafu la nyuma litembee lenyewe mpaka Mbeya, mimi nikakataa, hiyo ingefika Mbalizi ikiwa vipande. Fomu yao ina sehemu ya aina ya chombo, wameandika "gari dogo", hivohivo na namba yangu inayoanza na MC pembeni. Hakuna mtu aliyesoma. Akaondoka mtupu. Nikakodi kirikuu cha vitunguu kikanifikisha Mbeya.

Rektifaya ilitoka Dar. Rafiki yangu ana pikipiki kama yangu imelala gereji mwaka wa pili, akaichomoa ya kwake, akaiweka kwenye boksi la viatu, akampa konda wa basi la Mbeya jioni, asubuhi nikaipokea stendi. Nusu saa nimeifunga, kimita 14 na nukta mbili. Na hapo ndo nikajipiga kofi, kwasababu yapo mabasi ya Dar kwenda Lusaka, yanapita Mpika yaleyale! Ningemwambia huyu rafiki siku ya kwanza badala ya kubishana na dada wa bima, ningeipokea Mpika, ningeenda na wenzangu kuona hayo maji. Nilikuwa nina bima tatu kwahiyo sikutumia akili.

Kudai. Nilipeleka madai ya kirikuu cha Mbeya, maana hiyo ilikuwa ndani ya eneo lao na gari lao lilishindwa. Wakaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ya kirikuu cha vitunguu. Nikawaandikia barua, nikaambatanisha namba ya kesi na picha ya lile brekidauni lao na ndoano, kumbe picha ndo iliyosaidia. Baada ya wiki tisa wakalipa, nusu. Ile ya lori la Zambia sikujaribu hata kuiandika. Nyota moja, na ni ya yule dada mpole.

Safari hii nikienda nafanya hivi, na kila mtu aangalie chombo chake. Yelo kadi lazima, hiyo haina mjadala na mpakani itatakiwa. Bima ya mtu nanunua yenye maneno ya wazi kwamba pikipiki zaidi ya cc 125 imo, nalipa hiyo nyongeza, na leseni nimeshaongeza A. Ile nyongeza ya msaada wa barabarani nimeitoa, hela yake nimeiweka pembeni kwa dola za noti ndogondogo, hiyo ndo bima yangu ya kubebwa. Nabeba mikanda minne ya kufungia mzigo, ina uzito wa kilo moja tu. Rektifaya ya akiba iko chini ya siti imefungwa na soksi. Na kibali cha forodha naomba siku nyingi kuliko ninazohitaji, ukisema unakaa wiki omba mwezi, maofisa wengi wanakubali ukiomba kwa adabu mwanzoni, ukirudi kuomba ukiwa umekwama ni habari nyingine.

Kama unaenda Rwanda, Uganda au Kenya mambo ni mepesi kidogo, malori ni mengi, mafundi wa pikipiki kubwa Nairobi wapo. Rwanda na Burundi kumbuka tu unahamia mkono wa kulia, kwa Rwanda ni pale Rusumo ukishavuka daraja. Bima yoyote utakayonunua, kabla ya kulipa piga ile namba yao usiku, Jumapili, kwa laini ya nchi nyingine kama unaweza kuazima, uone nani anapokea.

Juzi wakala kanipigia, bima inaisha. Ananiambia kaka mwaka huu tumeboresha, brekidauni inafika mpaka Zambia. Nikamuuliza hilo gari lina mikanda ya kufungia pikipiki? Akasema subiri niulize ofisini nitakupigia.

Hajapiga.